Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Boneti ilikuwa ya moto. Mignon Naquin aliweka kiganja juu yake, akakitoa upesi, akamgeukia muuzaji aliyesimama pembeni akichekelea.

"Umeliwasha asubuhi hii?"

"Nimelisogeza tu, dada. Kutoka kule nyuma."

Kulisogeza! Gari la kusogezwa hatua ishirini halichemki kiasi cha kukaanga yai. Mignon alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba gari likipashwa moto kabla mteja hajafika, basi lina kikohozi cha asubuhi ambacho mwenyewe hataki kisikike. Akamshika mkono binti yake Josette, wa miaka minne, akarudi kwenye kigari alichoazima kwa jirani. Hiyo ilikuwa yadi ya tatu mjini Houma, na ilikuwa Jumatatu. Kimbunga kilikuwa kimeshaingia Ghuba, na redio ilisema kitafika Chauvin, kijiji chao kando ya mfereji, Alhamisi.

Niseme ukweli: kimbunga sicho kilichomkosesha usingizi. Watu wa Chauvin hukimbia vimbunga kama wengine wanavyokwenda harusini, kila mtu anajua anabeba nini. Kilichomtisha ni kuchagua.

Miaka miwili nyuma alichagua yeye. Jody, mumewe, alikuwa kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini, kama alivyokuwa sasa, akamwambia chagua unalolipenda. Akapenda pikapu nyekundu, inang'aa, na viti vya ngozi, wacha wee! Siku ya kukimbia, baada ya kuvuta trela maili arobaini, giaboksi ikaungua katikati ya foleni. Mama Eula, mama yake Jody, alikaa pembeni ya lami kwa muda wa saa saba juani, mtungi wake wa hewa ukiisha kidogo kidogo. Hakufa. Lakini mapafu yake hayakurudi yalivyokuwa, na tangu siku ile analala na mpira wa mashine ya hewa puani. Nyumba nayo ilikwenda na maji. Sasa wote wanne wanaishi ndani ya trela ileile, nyumba ya magurudumu yenye uzito wa tani tatu na ushee, na kitu cha kuivuta hawana.

Jody hakumlaumu mkewe hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Jioni hiyo alipiga simu kutoka baharini. "Helikopta inatutoa Jumatano. Siwezi kufika kabla ya hapo," alisema. "Nenda kwa Mjomba Alcide, mpenzi. Tafadhali."

Lile tafadhali lilimchoma Mignon mpaka mfupani.

Alcide Billiot ni kaka wa marehemu mama yake. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka arobaini, na hapakuwa na mtu kando ya mfereji ule aliyenunua gari bila kumwita. Ndiye aliyemshika Mignon mkono siku ya harusi. Ndiye aliyemfundisha, akiwa na miaka kumi, kusoma gari: gusa boneti kabla hujasalimia, gonga chesisi kwa nyundo, na mwisho wa yote vuta mikanda. "Gari lililozama wataliosha," alikuwa akisema. "Wataliosha mpaka dhambi zake za asili. Lakini mkanda uliojikunja ndani hakuna anayeukumbuka. Uvute mpaka mwisho. Maji yalipofika, matope yameandika."

Jumanne saa mbili asubuhi Mignon na Josette walikuwa kwake. Mzee alikuwa kibarazani na kahawa nyeusi.

"Nimesikia umezunguka Houma nzima unanusa magari ya watu kama mbwa wa polisi," alisema. "Kwa nini hukuja kwangu kwanza?"

"Nilidhani huna gari, Mjomba."

"Lipo. Nililinunua mnadani mwezi wa nne. Lione hilo."

Chini ya kibanda palikuwa na pikapu ya kijivu, milango minne, kiuno kipana, ndoano ya kuvutia trela imara kabisa. Mignon akaizunguka yote. Akagusa boneti. Baridi.

"Washa," alisema mzee. Likawaka mara moja, likanguruma vizuri, bila kikohozi.

"Niambie oili ina rangi gani."

Mignon akachomoa kijiti cha kupimia. "Ya asali."

"Hujasahau." Mzee alitabasamu, kama zamani alipokuwa akimpa mitihani. "Twende tukalijaribu na trela. Endesha wewe, mimi nasikiliza."

Wakaenda mpaka kwenye trela, wakaifunga, wakaivuta hadi kanisani na kurudi. Gari lilipanda daraja bila kulalamika. Mzee alikaa kichwa ameinamisha, masikio yake yakifanya kazi. Kikaratasi cha manukato ya msonobari kilining'inia kwenye kioo. Walipoiacha mahali pake, Mama Eula aliwapungia kutoka mlangoni mwa trela na mpira wake puani, na Mignon akajisikia kulia. Safari hii hakuwa amechagua yeye. Alikuwa amechagua mtu anayejua.

Mikanda je? Angekuwa muuzaji mwingine, angeivuta yote kabla hajauliza bei. Kwa Mjomba? Angeona haya hata kuwaza.

"Nalichukua," alisema waliporudi kwa mzee. "Ngoja nifunge kiti cha Josette."

Kiti cha mtoto hukaa katikati, nyuma. Na kiti cha mtoto hakishiki mpaka uuvute mkanda wote utoke, mpaka mwisho kabisa, ndipo unapojikaza. Mignon akavuta. Ukatoka, ukatoka, kisha ukakwamakwama, kama kitu kilichozoea kulala. Akavuta kwa nguvu. Kipande cha mwisho kikatoka kikiwa kikavu kama gome, rangi ya udongo, na mahali udongo ulipoanzia palikuwa na mstari ulionyooka.

Akaunusa. Harufu ya mfereji.

Alibaki ameinama ndani ya gari muda mrefu. Kwa nguvu zake zote alitamani asingeuona.

"Mjomba. Njoo."

Mzee akaja, mkono ukipita ubavuni mwa gari. Mignon akamsogezea mkanda karibu na uso.

"Hii nini?"

Mzee akaugusa kwa kidole. "Mkanda," akasema.

"Naona kuwa ni mkanda! Na hiki kilichoandikwa hapa?"

Alcide akaushika, akaupitisha kati ya vidole. "Vumbi hilo, mwanangu."

"Vumbi?" Sauti ya Mignon ilipanda yenyewe. "Wewe uniambie mimi vumbi? Wewe? Gari hili limelala ndani ya maji mpaka kwenye viti! Waya zote zimekunywa chumvi! Litawaka leo, litawaka kesho, halafu litazima huko njiani, na Mama Eula ndani!"

Mzee alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Wageni wa Houma walinidanganya nikacheka. Lakini wewe!" Josette alikuwa ameanza kulia, na Mignon hakuweza kunyamaza. "Angekufa barabarani, na wewe ungekuwa umekaa hapo kibarazani unakunywa kahawa. Mungu akulipe, Mjomba."

Akang'oa kiti cha mtoto, akaondoka na binti yake kwa kigari cha jirani. Hakuwa na gari, na mjomba hakuwa naye tena.

Mchana aligonga milango mingi bila kupata kitu. Jumatano, jua halijachomoza vizuri, alikuwa kwa Bi Tuyet Pham, mwanamke mfupi anayeuzia barafu mashua za wavuvi wa kamba. Pikapu yake nyeupe ilikuwa na maili laki mbili na elfu kumi, imebonyea pande zote mbili, na mlango mmoja wa rangi nyingine.

"Umekuja saa ngapi hizi?" alifoka Bi Tuyet, koti lake la mvua likiwa limefungwa juu ya nguo za kulalia. "Hata jogoo bado anaota!"

"Nataka kulisikia likiwa baridi."

"Lisikie basi. Likikutukana, shauri yako."

Likakohoa mara moja, likatulia. Mignon akaingia uvunguni na nyundo, akagonga chesisi toka mbele mpaka nyuma. Chuma kikamjibu kwa sauti safi. Akachomoa kijiti cha giaboksi, akanusa: hakuna kuungua. Kisha akafungua milango na kuvuta mikanda yote mitano hadi mwisho, mmoja mmoja.

"Unatafuta nini humo, hela?"

"Matope."

Bi Tuyet akacheka mpaka akashika mlango. "Linanuka kamba, hilo sikatai. Kuogelea, halijaogelea. Kila kimbunga mimi ndiye wa kwanza kukimbia. Majirani wananiita mwoga. Leo wanatembea kwa miguu, mwoga ana gari."

Mignon alisimama mbele ya lile gari lenye sura mbovu. Kila kitu alichofundishwa kilimwambia chukua. Lakini lile jekundu nalo si alilichukua kwa moyo mkunjufu? Na aliyemfundisha si ndiye aliyemgeuka? Hapakuwa na mtu wa kumwambia ndiyo.

"Nalichukua," akasema, na sauti ikatoka ndogo kama ya Josette.

Saa tano trela ilikuwa imefungwa. Mama Eula alikaa mbele na mtungi wake kati ya magoti, Josette katikati nyuma. Upepo ulikuwa umeanza kulaza majani ya mfereji. Jody alikuwa ameshatua Houma, wangempitia. Mignon aliendesha taratibu, akisikiliza kila mlio, na kila mlio aliusikia kama giaboksi inaanza kufa.

Nyumba ya Mjomba iko kando ya barabara hiyohiyo. Alikuwa ameamua kupita bila kutazama. Akatazama. Pikapu ya kijivu ilikuwa chini ya kibanda, boneti iko wazi, na mzee amekaa kwenye ngazi na begi miguuni.

Mignon akapiga breki. Gari likasimama, trela na vyote, bila kuyumba.

"Mjomba! Bado hujaondoka?"

"Limegoma," alisema mzee, akigeuza sikio kwenye sauti. "Tangu jana. Waya, kama ulivyosema."

"Panda."

"Sitaki kuwabana."

Mama Eula akateremsha kioo. "Alcide, panda, mzee mbishi wewe! Hewa yangu inaisha nikikubembeleza!"

Mzee akainuka. Alishuka ngazi akizipima kwa mguu. Mkono wake ulipita kwenye ubavu wa gari, ukaupita mshikio wa mlango, ukarudi, ukaupita tena. Mignon aliutazama mkono ule.

Alcide akaingia, akakaa kando ya Josette. Akautafuta mkanda, akauvuta mpaka mwisho kabisa, akaupapasa kwa kidole gumba. Kisha akamwinulia mtoto.

"Mjukuu wangu, niangalizie. Kuna mstari hapo?"

Josette aliukagua kwa makini, ulimi nje. "Hakuna, babu. Mweusi tu."

"Wote?"

"Wote mweusi."

Mignon aligeuka kwenye kiti. "Mjomba. Huoni?"

"Naona mwanga. Naona kama mtu amesimama. Tangu Krismasi." Alisema kama anayeungama wizi. "Fundi asiyeona, nani atamwita? Nikalinunua lile kwa masikio na vidole, ili nijue kama bado naweza. Wamenipiga."

"Na mkanda ule niliokuonyesha?"

"Mstari ulikuwepo kweli? Nimekaa siku nzima ndani ya gari naupapasa. Sikuupata."

Mignon alifunika uso kwa mikono miwili. Yale maneno yake yote yalimrudia, moja baada ya jingine, na hakuna lililokuwa dogo.

"Ulikuwepo," akasema. "Nisamehe, Mjomba. Nisamehe, jamani."

Mzee akanyoosha mkono mbele, ukagusa hewa, ukagusa kiti, ukalipata bega lake. Nje upepo ulipiga bati la kibanda.

"Hili nani amekuchagulia?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

Akainamisha kichwa kuelekea kwenye injini, kama alivyofanya siku zote.

"Endesha," akasema. "Mimi nasikiliza."