Punje ya Njura

Daktari Ruguru aliusoma utafiti wake wa presha mbele ya maprofesa kule Embu. Wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Leo ameuleta Siakago, kanisani, kwa wenyewe waliopimwa. Stima ilikuwa imepotea, michoro yake haingeonekana ukutani, basi akamwaga ndengu mezani, punje moja kwa kila mgonjwa. Akaanza kusogeza kulia wale ambao presha yao ilishuka. Akasogeza, akasogeza, hadi upande wa kushoto ukabaki karibu mtupu. Watu wakashusha pumzi.

Punje moja akaiweka kando. “Huyu alifariki kabla hatujamaliza.” Jina hakulijua.

“Huyo ni Njura wetu,” mama mmoja akasema.

Kanisa zima likasimama.

Ruguru akaiokota ile punje kwa mikono miwili.