Mia Moja Themanini na Saba

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mchoraji wa kiwanda cha matangi ya maji alifika kazini na chupa yake ya chai kwapani, akakuta ngazi ya kupandia ofisini imejiandika vipimo.

Ilikuwa ngazi ile ile ya siku zote, ya chuma, yenye vipandio kumi na viwili. Kutoka kila kipandio ilichomoza mistari miwili myeusi, myembamba, ikasimama hewani shubiri moja nje ya ngazi. Kati yake ulipita mstari mwingine wenye mshale juu na chini, na kando yake namba. Mchoraji aliikagua kwa jicho la kazi. Mistari haikukatana. Mishale haikuvimba. Namba zilikaa nje ya umbo, kwa milimita, na kila saba ilikuwa na kijistari tumboni. Kazi safi, hakuona cha kusahihisha.

"Nani kaandika?" aliuliza mtunza stoo, aliyekuwa akipanda nyuma yake.

"Imejiandika."

"Afadhali. Nilidhani ni yule fundi rangi, nilishaanza kumsema." Akatundika kofia yake kwenye mshale wa kipandio cha tatu, akarudi chini kufungua stoo.

Mchoraji alipanda akisoma. Mia moja sabini na tano. Mia moja sabini na tano. Hivyo hivyo mara kumi na moja. Kipandio cha mwisho, kile cha juu kabisa, kilisema mia moja themanini na saba. Akasimama hapo na chupa yake, chai ikipoa.

Kwenye kipandio hicho, miaka kumi na moja iliyopita, mama yake alianguka na sinia la vikombe. Mama alikuwa mfagiaji wa ofisi hizo hizo. Alivunjika nyonga, na akiwa bado kitandani akaletewa barua ya kumwachisha kazi. Sababu iliandikwa neno moja: uzembe. Barua ile mama hakuichana wala hakuificha. Aliitunza kwenye mkoba wake pamoja na miwani, na kila alipotafuta miwani alikutana nayo.

Mchoraji alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la michoro. Mchoro wa ngazi ulikuwa droo ya chini, umeshika vumbi. Mchoraji wa wakati ule aliandika kila kipandio mia moja sabini na tano, mara kumi na mbili, na hapo angetulia. Hakutulia. Pembeni akaandika tena urefu wote wa ngazi: elfu mbili mia moja na kumi na mbili. Mchoraji wa sasa alijumlisha vipandio kwenye kiganja. Elfu mbili na mia moja, basi. Zilibaki milimita kumi na mbili zisizo na mwenyewe.

Hilo ndilo somo la kwanza kabisa la kazi hii, watu hufundishwa kabla ya kuruhusiwa kuchonga penseli: kitu kimoja usikipime mara mbili. Ukishaandika kipimo cha kila kipande, jumla iache. Ukiandika vyote viwili, siku moja vitagombana, na fundi atakuwa katikati. Fundi wa ngazi hii alikuwa mtu mtiifu. Aliufuata mchoro wote, huku na huku, na kilichozidi akakisukumia kipandio cha juu, pale ambapo mguu uliozoea vile kumi na kimoja hujikwaa. Chini ya mchoro kulikuwa na saini kubwa yenye mkia, ya mhandisi mkuu, ambaye kiwanda kizima humwita Bosi. Bosi hutia saini kwanza, kusoma atasoma akipata nafasi.

Jioni, mama alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Mama, ngazi ya kazini imejiandika vipimo."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi."

Mama alikunja shuka, akaisawazisha pembe. "Na kile cha juu?"

"Kimezidi wenzake."

"Kwa kiasi gani?"

Mchoraji alimwonyesha kidole chake cha mwisho, unene wake. Mama alikishika kile kidole, akakitazama muda mrefu, akakigeuza, kisha akamrudishia. "Basi kesho umwambie Bosi anibadilishie barua," alisema. "Neno lile moja tu. Mengine ayaache."

Kesho yake Bosi alisikiliza huku akipulizia chai. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa mafaili.

"Mpe mama pole," alisema. "Lakini faili lile lilishafungwa."

"Si lifunguliwe?"

"Ndugu yangu, faili si dirisha." Akanywa chai. "Wewe nichoree ngazi upya. Vipandio vyote mia moja sabini na tano, tuweke kabatini. Mistari ikiona mchoro umekaa sawa itaondoka yenyewe. Jana imenichania mfuko wa koti."

Mchoraji alikaa mezani pake, shingo upande. Alivuta karatasi, akachora vipandio kumi na viwili, akaanza kuandika. Alipofika cha mwisho, penseli ilisimama.

Alijiona yuko darasa la tatu. Mama alikuwa akitoka kazini na michoro iliyotupwa, anaikunjua, anaipiga pasi kwa kiganja, halafu anajalidi nayo madaftari yake. Wenzake walikuwa na madaftari yenye picha za maua. Yake yalikuwa na bomba, vifuniko vya matangi na mishale. Walimcheka hadi wakachoka. Lakini kabla hajajua kugawanya alikuwa anajua mstari upi ni umbo na upi ni kipimo. Kila alichokuwa nacho mezani pale, rula, kiti, dirisha, kilitoka mikononi mwa yule mfagiaji. Akamalizia chai yake.

Akaandika mia moja themanini na saba, kwa saba yenye kijistari tumboni. Urefu wote hakuuandika.

Saa nne Bosi alikuwa kwenye simu. Mchoraji aliweka karatasi mbele yake. Bosi aliendelea kuongea, akatafuta mahali pa saini, akaiweka, mkia na yote. Mchoro ukapigwa mhuri, ukaingia kabatini. Mistari haikuondoka.

Ijumaa mama alikuja mwenyewe, kwa fimbo. Mfagiaji wa sasa alitoa tambara lake lililokuwa likikauka kwenye mshale wa tisa ili mgeni apite. Mama alipanda taratibu, akigusa kila namba kwa kidole, mpaka juu. Hapo alivaa miwani, akasoma.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

"Miaka yote hii naiinua miguu kama kuku kwenye maji. Hata sebuleni kwangu. Nilijua miguu yangu haina akili." Alifuta macho kwa upande wa khanga. "Asante, mwanangu."

"Asante wewe."

Mchoraji alimwonyesha mchoro mpya, na ile saini. Mama aliisoma sana, akaifananisha na ile ya kwenye barua, mkia kwa mkia.

Bosi alitokea mlangoni na koti lililoshonwa mfuko. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akamuuliza hali ya nyonga. Mama alimshukuru kwa saini yake nzuri. Bosi, asiyejua ni saini ipi, alisema si kitu, karibu tena. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Mama, kuwa mwangalifu hapo kwenye ngazi. Ukizembea tu, umeanguka."

"Ndiyo, baba," alisema mama.

Alishuka vipandio vyote kumi na viwili, barua ikiwa mkobani, neno lake likiwa pale pale. Nyuma yake mfagiaji alirudisha tambara kwenye mshale. Mchoraji alisimama dirishani akamtazama akikatiza uwanja wa kiwanda, uwanja wa saruji, tambarare. Mama alikwenda hadi getini kwa fimbo yake, akichechemea, na safari hii miguu hakuiinua.