Mama Miza Yuko Wapi

...na kama Bader angeuliza kwa hasira ingekuwa rahisi, Candide angeinuka hapo hapo kwenye kiti cha kinyozi, povu mashavuni na taulo shingoni, akamjibu moto kwa moto, hiyo anaiweza, Bwiza nzima inajua mhubiri Candide hamezi neno, lakini Bader ameuliza polepole, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, "Papa Destin, Alhamisi kwenye matanga ulinishika mukono, ukaniambia Mama yuko pahali pazuri. Jumapili nikakusikia kwa spika ya kanisa, unasema yuko motoni. Sasa mi nishike gani?" na kabla hajajibiwa akamwinua kidevu kwa kidole, "Tulia, naingia kwa mudomo," wembe ukaanza kushuka chini ya pua, taratibu, na Candide akafumba mdomo, akashukuru, ndiyo, alishukuru, na shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma kwanza, mtu mzima, baba wa Destin, anashukuru kufungwa mdomo na kinyozi... kwani alisema vile? Alisema. Spika ni yake, aliifunga mwenyewe juu ya mlango wa kanisa, alijifundisha umeme kama alivyojifundisha Biblia, bila mwalimu, akaigeuza itazame barabara ili wasioingia wasikie, na wamesikia, wamesikia wote waliokaa mikekani chini ya turubai kwa kina Bader, nyumba ya pili kutoka kanisani, vikombe vya kahawa mikononi. Na somo halikuwa hata juu ya Waislamu, somo lilikuwa Wayahudi, tangu mgeni mmoja alete ile bendera ya Israeli ikatundikwa nyuma ya madhabahu watu wanauliza, na Fabiola, yule binti wa kwaya asiyejua kunyamaza, akasimama, "Mutumishi, Myahudi aliyemukataa Yesu, yeye anaokoka?" na Candide akasema anaokoka, Mungu alifunga agano na Abrahamu na Mungu si mtu wa kugeuza maneno, hata akimkataa Yesu mpaka kaburini Mungu ana njia yake naye, akaona maneno yanamtoka vizuri, watu wanaitika amina, mpaka Fabiola tena, "Kumbe mutu anaweza kufika bila kumukubali Yesu?" na kicheko kidogo kikapita kwenye viti vya nyuma, damu ikampanda, akashika maiki akafoka, apana, ni Wayahudi peke yao, musidanganyike, hata hawa waliozikwa wiki hii hapa mutaani kwetu, tasbihi zao hazitawasaidia, ni moto... hakutaja jina. Ndivyo alivyojitetea kwa mkewe, sikutaja jina, na Elvire akaendelea kuchambua mchele, akasema tu, "Wiki hii walizikwa wangapi hapa, Papa Destin?" Mmoja. Mama Miza, mama yake Bader.

Mlangoni mtu anapiga kelele kwamba esansi imefika kwenye pampu kule Rohero, magari yameanza kupanga foleni, "Uongo," Bader anamjibu bila kugeuka, "jana pia ilifika," mtu anacheka, anaondoka, wembe umehamia kona ya mdomo, Candide anasikia pumzi ya Bader usoni, pumzi ya mtu ambaye juzijuzi tu ameshusha mama yake kaburini kwa mikono yake... na walipovuka mpaka kutoka Uvira, yeye na Elvire na mimba yake kubwa, godoro lilitoka kwa nani, chumba cha uani kilitoka kwa nani, na Destin alipopata homa akiwa mchanga nani alikuja akaketi, akafungua viganja ili amsomee dua, na Candide akamkatalia, ndani ya nyumba ya mama mwenyewe, "Mutoto wangu hasomewi hivyo," jambo alilolitolea ushuhuda mara nyingi, jinsi alivyosema kweli usoni bila kuogopa, mi nasema usoni, ndiyo wimbo wake, lakini kipande kilichofuata hakukisimulia popote, kwamba Mama Miza hakukasirika, alisema, "Basi ombea weye, mwanangu, mi nitaitika," na Candide akaomba kwa jina la Yesu, kwa sauti, kwa ukali hata, na mama ameketi, viganja wazi, na mwisho akaitika, amina, akajipangusa uso, akasema, "Isa bin Maryamu, hata sisi tunamupenda"... Sasa Myahudi aliyemkataa Yesu anaingia, na Mama Miza aliyeitika amina juu ya homa ya Destin anabaki nje, na nani kapanga hivyo, Mtume Paulo? Apana, ni Candide, kwa sababu alichekwa na viti vya nyuma. Na huyo Myahudi, amewahi kumwona hata mmoja? Hajui wanamlilia vipi mama yao, hajui wanapika nini siku ya msiba, amewagawia mbingu kama mtu anayegawa shamba la jirani, wala hawakumwomba, na kama mmoja wao ndiye angezikwa hapa Bwiza wiki ile, na maiki mkononi, na kile kicheko... angemtupa yeye vilevile, ndiyo, angemtupa, na agano lake na Abrahamu wake. Amwambie Bader alisema kwa jumla? Bader si mtoto. Amwambie Alhamisi alimfariji tu, kama watu wanavyofariji? Basi usoni alimpa utamu na kisogoni akampa moto, yeye, msema kweli... na Alhamisi hakuwa anadanganya, hilo ndilo baya, aliushika ule mkono na neno likatoka lenyewe na akaliamini, na Jumapili akaliamini lile jingine, yote mawili aliyasema kama mtu aliyekaa mlangoni pa mbingu akiona nani anapita, na hakuona kitu, si wale wa mbali, si huyu aliyemlaza kwenye godoro lake.

"Mudomo umekwisha," Bader anasema, wembe unainuka, anaufuta kwenye taulo, haendi shavuni, amesimama, na Candide, Mungu amsamehe, anatamani nywele nyingine ziote hapo hapo chini ya pua, wembe urudi, kisha anaona haya kwa kutamani hivyo, anafungua mdomo uliolowa, na neno lililokaa ulimini ni sijui, dogo, hajawahi kulisema kwenye maiki, zito kulitoa kuliko moto wote ule, na Bader bado anangoja.