Matundu ya Kizingiti

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne na robo asubuhi, bisibisi ya Wilf Hebden ilizama kwenye kizingiti cha chumba cha vioo mpaka mpini. Wala hakuisukuma. Alitaka kukwangua rangi iliyofura kama lengelenge, akaiegemeza kidogo tu, nayo ikaingia kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa ilitoka na maji ya kahawia na harufu ya uyoga.

Akabaki amepiga magoti, anaitazama ile rangi nyeupe, safi, inayong'aa. Nje harusi, ndani matanga.

"Wameniua," alisema, na hapakuwa na wa kumsikia ila mzabibu.

Waliomuua hakuwa na haja ya kuwataja. Ni halmashauri. Miaka mitano nyuma yeye na mkewe Noreen waliomba ruhusa ya kung'oa fremu za mbao za chumba hicho waweke za plastiki, zisizooza wala kudai rangi kila Mei. Ikaja barua ya kurasa mbili: mtaa wao ni wa kale, unalindwa, mbao itabaki mbao. Noreen aliicheka ile barua. "Wangeilinda na migongo yetu basi," alisema. Wilf hakucheka. Yeye aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia machimbo ya mawe, na tangu hapo hajakutana na mtu mwenye kalamu aliyemtakia heri. Kisha Noreen akaugua, akafa, na mbao ikabaki mbao.

Siku hiyohiyo, chai yake haijapoa, aliwaandikia. Mistari sita na matusi mawili, moja akalifuta. Njooni muone mlichokifanya, aliandika. Nataka karatasi yenye mhuri inayosema mlikosea. Wakamjibu upesi kuliko alivyotazamia: afisa atafika Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nane mchana.

"Sitaki kingine," alimwambia jirani yake, Des Tranter, seremala mstaafu. "Waandike tu kwamba wao ndio waliokiozesha chumba cha Noreen."

"Kikikudondokea kabla ya hapo, watakachoandika ni rambirambi." Tranter alikuwa ameshika nguzo ya kona, anaigonga kwa kifundo cha kidole, sikio kalitega kama daktari. Nguzo ile ilikaa juu ya kizingiti kilekile kilichooza, na paa zima la vioo liliitegemea. Chini ya vioo, kutoka pembe hadi pembe, ulitambaa mzabibu wa Noreen, umefungwa kwa vipande vya soksi zake za zamani. "Imeshuka hii. Ona kioo cha pale juu kinavyobanwa. Wilf, hapa si pa kumngoja mtu wa ofisini."

"Usiguse! Huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa kupasua kichwa, mzee mwenzangu."

Walivutana siku nane. Wilf alikuwa anaingia mle kila asubuhi, anaweka penseli kwenye ufa wa juu ya nguzo, na kila asubuhi penseli inaingia zaidi. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba kipande kibovu kitolewe kizima, kilazwe pale, afisa akione kwa macho yake. Ijumaa asubuhi wakaanza.

Kufanya kazi kwenye kona ile kulimpa Wilf taabu ambayo hakumwambia mtu. Ndipo kilipokuwa kitanda. Miezi minne ya mwisho ngazi zilimshinda Noreen, naye akataka alale anapouona mzabibu. Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Hita iliwaka mchana kutwa, vioo vikatoka jasho, maji yakawa yanatiririka kama machozi, na chini, penye miguu yake, upepo ukawa unapiga mluzi.

"Wilf, kuna bwana ananipigia mluzi," angesema, huku meno yanagongana. "Mwambie mimi mke wa mtu."

Tranter aliweka jeki ya gari sakafuni, juu yake gogo, juu ya gogo ubao, na ubao ukagusa boriti iliyobeba paa. Wilf akashika mpini wa jeki.

"Robo," alisema Tranter. Wilf akazungusha. Juu kitu kikalia, tik. "Ngoja. Liache paa lipumue. Robo tena."

Tik. Tik.

"Basi! Basi, we! Unataka kulipeleka mbinguni?"

Kwa unene wa ukucha nguzo ikaachana na kizingiti. Uzito wote sasa ulikuwa juu ya jeki moja ya gari ambalo Wilf alishaliuza. Tranter akalala ubavu na msumeno. Mbao mbovu haikatiki, inapukutika. Mara msumeno unapita kama kwenye mkate, mara unakwama kwenye msumari wa zamani, na kila ulipokwama vioo vililia. Saa saba na dakika ishirini kipande kilikuwa hakijatoka bado, na geti la pembeni likagongwa.

"Bwana Hebden? Mimi Imogen Sallis, wa halmashauri. Samahani, nimewahi."

"Umechelewa miaka mitano, bi mdogo."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, faili kifuani, viatu vya matope. Alifungua mdomo ajibu. Hakujibu, maana kigae cha sakafu chini ya jeki kilipasuka, gogo likainama, na paa likashuka.

Pah! Kioo kimoja kikagawanyika katikati.

"Kabari!" Tranter aliruka akaikumbatia nguzo. "Wilf, usiachie jeki! Kabari ziko wapi?"

Zilikuwa dirishani, mbali na wote wawili. Wilf alihisi mpini unamrudi mkononi kama mtu anayetaka kujinasua. "Mama! Hivyo vipande vya mbao nyuma yako! Virushe!"

Hakuvirusha. Alilitupa faili, akazibeba kabari, akaingia nazo chini ya vioo.

"Toka humu, wewe!" alifoka Wilf.

"Nikitoka atashika nani? Nichomeke wapi?"

"Chini ya gogo! Upande wangu! Ondoa vidole!"

Akaichomeka. Wilf, mkono mmoja kwenye jeki, akapiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza likakosa, la pili likaingia, la tatu likakaza. Kabari ya pili. Ya tatu. Gogo likasimama wima. Watatu wakasimama hawapumui, wanatazama juu. Nusu ya kioo ilikuwa imekatika ikaning'inia. Haikuanguka. Mzabibu uliidaka, juu kabisa ya kichwa cha Bi Sallis.

"Sogea kushoto, kipenzi," Tranter alimnong'oneza. "Taratibu. Hivyo hivyo."

Nusu saa baadaye kioo kilikuwa kimeteremshwa, jeki ya pili ya Tranter imewekwa, na kile kipande cha kizingiti kimelazwa juu ya magazeti. Bi Sallis alipewa chai. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Barua ya mwaka ule niliisoma," alimwambia Wilf. "Aliyeiandika hakuja hata kuangalia. Kama mbao ndiyo iliyoshindwa, Bwana Hebden, nitaandika wazi kwamba uamuzi ulikuwa makosa. Mkuu wangu ataipiga mhuri taarifa yangu. Na plastiki mtaruhusiwa."

Wilf alikaa kitako kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka mitano amelisubiri neno hilo, na miwili kati yake amelisubiri peke yake. "Andika," alisema.

Alikwishachukua kalamu. Kisha, kama mtu anayetimiza wajibu tu, akapiga magoti akakigeuza kile kipande. "Ajabu," alisema. "Upande huu ni mkavu kama mfupa. Imeoza kona tu." Akainuka akaenda upande wa pili wa chumba, akainama, akarudi. "Kule kizingiti kina matundu madogo ya kutoa nje maji ya jasho la vioo. Huku mbona hayapo?"

Tranter akachukua patasi, akakwangua rangi. Ikatoka silikoni ya kuzibia nyufa, nyeupe, laini, ndefu kama mnyoo. Akakwangua tena. Matundu matatu yaliyofuatana, yote yamezibwa, yote yamepakwa rangi juu.

Wilf alikumbuka. Jumapili ya Desemba, Noreen yu kitandani. Tyubu ya silikoni aliiazima kwa Tranter. Alipiga magoti hapahapa, karibu na miguu ya mkewe, akaziba tundu moja, la pili, la tatu, kisha akapaka rangi asiuone uchafu. Mluzi ukanyamaza.

"Ameondoka yule bwana?" Noreen aliuliza.

"Nimemfukuza."

Akalala usiku ule bila kutetemeka. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wilf aliuziba.

Aliinua macho akakutana na ya Tranter. Tranter akayahamisha, akaanza kuishughulikia jeki ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mashahidi hawakuwapo wengine. Juu, tawi la mzabibu lililokatwa na kioo lilikuwa linadondosha maji, tone moja moja, sakafuni.

Bi Sallis alifuta matope kwenye faili, akafungua ukurasa, akaandika tarehe.

"Nijaze hapa tu, tumalize," alisema kwa upole. "Haya matundu matatu, Bwana Hebden, aliyaziba nani?"