Asisumbuliwe Nesi

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda ishirini na sita, na kila kitanda kililaliwa na wagonjwa wawili, mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Manesi wa zamu ya asubuhi walikuwa wawili. Leonila alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa mwingine pale Bibi Sabina alipoita kwa mara ya tatu.

"Nesi. Nesi, mwanangu. Tumbo."

Bibi huyo alikuwa mkulima wa nazi kutoka upande wa pili wa kisiwa cha Samar. Alikuwa amepasuliwa juzi.

"Bibi, kwani hospitali hii umejengewa peke yako?" Leonila alisema bila kugeuka. "Wenzako wote hawa wanaumwa. Hebu tulia."

Mtu akacheka kwa pua. Bibi Sabina akavuta shuka hadi kidevuni.

"Samahani, mwanangu," akasema, kwa ile sauti ambayo watu wa mashamba huitumia mbele ya makarani.

Saa nne Leonila alimfikia. Nesi mwenyewe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

"Unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Sijambo kabisa."

Akaandika: hana maumivu. Akapita.

Saa tisa alasiri Melding, binti wa bibi, alirudi na dawa aliyotumwa kuitafuta mjini, maana ya hospitali ilikuwa imekwisha. Alimkuta mama yake ameuma pindo la shuka, jasho likimchuruzika. Leonila alipoligusa tumbo, lilikuwa gumu kama ubao. Daktari pekee alikuwa chumba cha upasuaji na mtu mwingine mezani. Alipotoka, bibi alikuwa amekwisha kata roho.

"Kwa nini hakuita tena?" Leonila alimuuliza Dominga, mama aliyekuwa akilala na bibi kitanda kimoja.

Dominga hakumtazama. "Mimi nilitaka kukuita. Akanishika mkono. Akasema nesi amechoka, asisumbuliwe."

Leonila alikwenda chooni, akajifungia. Akayarudia maneno yake ya asubuhi kwa sauti ya chini, apate kuyasikia kama bibi alivyoyasikia. Sauti aliifahamu. Ndiyo aliyokuwa nayo yule karani wa mapokezi aliyemfukuza mama yake dirishani, miaka ile, yeye akiwa ameshika sketi ya mama. Alikaa humo mpaka mwenzake alipogonga mlango.

Melding aliandika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi wa hospitali. Siku ya tatu matroni, Bi. Evangelista, alimwita ofisini.

"Mkurugenzi ameisoma. Anasema tatizo letu ni mawasiliano. Utaandika maelezo."

"Nitaandika nilichomwambia bibi. Nilikosa. Tena nitaandika kwamba tulikuwa wawili kwa wagonjwa hamsini na wawili."

"Hilo la pili liache."

"Ni kweli, Bi Mkubwa."

"Nani kasema si kweli? Mimi niliomba manesi mara nne, nikanyamazishwa. Ulimi ni wako, Leonila. Andika ya ulimi wako."

Jumatano iliyofuata manesi waliitwa kwenye semina ya kumsikiliza mgonjwa. Wodini alibaki mmoja. Kila aliyeingia alibandikwa kifuani beji ya njano: Niambie, Nakusikiliza. Katibu wa mkurugenzi alilala juu ya meza mbili zilizounganishwa, akajifanya mgonjwa. Leonila akaamriwa ainame, amtazame machoni.

"Pole, mama. Unajisikiaje?"

"Umeharakisha," alisema mkufunzi. "Rudia. Mpe nafasi ya kujibu."

Alikuwa akirudia pale mlango uliposukumwa. Mwanamke mmoja alisimama kizingitini, akihema, mikono yake imelowa damu isiyo yake.

"Nimetoka wodini. Naomba nesi. Hata mmoja."

Leonila akanyanyuka. Bi. Evangelista akamwekea mkono begani, akamrudisha kwa mgonjwa wa mezani. Kisha akaenda mlangoni, akamnong'oneza yule mwanamke asubiri kidogo, akaufunga taratibu, ili watu wasikie vizuri.