Mbegu ya Kumi na Mbili

Suzana alikuwa mwanamke wa kuhesabu. Tusimlaumu. Alikaa kwa masista miaka minne, na katika yote waliyomfundisha, hesabu ndiyo iliyomganda. Asubuhi alihesabu vifaranga, jioni akavihesabu tena, na akienda kisimani alikuwa akijua ni hatua ngapi. Kwa hiyo alipotengeneza kibuyu cha kumchezesha mtoto wake Odeta, mtoto wa miezi kumi, alizihesabu pia mbegu alizotia ndani yake. Zilikuwa kumi na mbili.

Ni zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ndogo, ngumu, zinazong'aa utadhani zimepakwa mafuta. Waliziokota yeye na binti yake mkubwa, Tereza, kwenye majabali ya njia ya kushukia ziwani. Tereza alikuwa na miaka mitano na alijifunzia hesabu kwa mbegu hizohizo, akizipanga mchangani mbele ya mdoli wake wa gunzi la mahindi, moja mpaka kumi na mbili, halafu anavuruga na kuanza upya. Zilipokwisha kazi ya shule, Suzana akazitia kwenye kibuyu kidogo kilichokauka vizuri, akaziba tundu kwa nta ya nyuki, akakitikisa. Odeta aligeuza shingo nzima. Tangu siku hiyo mtoto hakutaka kitu kingine chochote isipokuwa kile kibuyu na titi la mama yake.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi ile, mwaka uliofuata ule wa nzige, hapo Mkolani. Suzana alitoka nje kumwaga maji. Hakukawia, tuseme muda wa kumwaga maji na kumfukuza kuku mmoja. Aliporudi ndani alikuta nta imetoka, kibuyu kimelala ubavu, mbegu zimetapakaa mkekani, na Odeta amekaa katikati yake, shavu linacheza. Alikuwa anatafuna.

Suzana alimtia kidole mdomoni, akazungusha huku na huku. Alipata uji. Mtoto akalia, akamng'ata. Suzana hakusikia hata maumivu. Alikuwa ameshapiga magoti anaokota mbegu. Alipata kumi na moja. Akainua mkeka, akakung'uta nguo, akapapasa pembe zote za nyumba kwa viganja. Akamwita Tereza.

"Hesabu hizi."

Tereza akahesabu kwa kidole. "Kumi na moja, Mama. Moja iko wapi?"

"Hukumpa yule mdoli wako?"

"Mdoli amekula mchanga tu."

"Basi nyamaza. Usimwambie mtu. Hata Bibi usimwambie."

Kila mtoto aliyekulia kwenye ng'ombe kule alijua kwamba mbegu hizo zikisagwa zinaua. Suzana naye alijua tangu mdogo. Utaniuliza, sasa kwa nini aliziweka kwenye kitu cha mtoto? Ndilo swali alilojiuliza yeye mwenyewe siku nzima. Kibuyu kilikuwa kigumu, nta ilikuwa nzuri, mbegu zilikuwa za kupendeza. Hakufikiri zaidi ya hapo. Nani kati yetu hajawahi kufanya jambo la namna hiyo akalala usingizi mzuri?

Aliogopa kifo, naam. Lakini alimwogopa na mama mkwe wake, Ng'washi, aliyekuwa ameketi uani wakati huohuo anapepeta uwele. Mume wa Suzana, Antoni, alikuwa kibarua wa reli huko mjini, na alirudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Siku zilizobaki nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, na wanawake hao walikuwa na kaburi kati yao. Baada ya Tereza alizaliwa mtoto wa kiume, Luhaga. Ng'washi alitaka kumfunga hirizi kiunoni kama alivyomfunga Tereza. Ile ya Tereza Suzana aliitupa motoni mbele yake, maana katekista alikuwa amekataza. Kwa hiyo kwa Luhaga mzee huyo hakuthubutu tena. Luhaga aliugua homa siku nne, akafa. Siku ya kuzika, watu wote wamesimama, Ng'washi alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto huyu alitolewa duniani mwili mtupu, bila kinga." Halikurudiwa tena neno lile. Halikuwa na haja ya kurudiwa, kwa sababu Suzana alilala nalo kila usiku.

Kwa hiyo alijikausha. Akachukua mbeleko ya ngozi ya mbuzi, ambayo Ng'washi mwenyewe aliilainisha kwa samli Odeta alipozaliwa, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza mikanda kifuani.

"Shikamoo Mama," akasema akipita uani, ingawa walikuwa wamekwisha kuamkiana.

Ng'washi akainua uso. "Marahaba. Unakwenda wapi na jua hili?"

"Dukani. Chumvi imekwisha."

"Chumvi ipo."

"Haitoshi."

Ng'washi akaitazama mbeleko, akamtazama yeye. "Niachie mtoto basi. Niachie na mbeleko yake, nimbebe mimi."

"Nitakwenda naye tu, Mama."

Mzee akarudia uwele wake. Alikuwa akipepeta ovyo na nafaka inamwagika, lakini Suzana hakuwa na macho ya kuona hayo.

Dukani alimkuta Gangaben, mke wa Shantilal mwenye duka, peke yake nyuma ya meza anapima kaniki. Kwa jina la mwanawe aliitwa Mama Chandrakant, na huyo ndiye Suzana aliyemwendea, maana alisikia wakisema baba yake alikuwa sonara kwao Bara Hindi, na masonara wa huko huzijua mbegu hizo. Suzana alitoa mbegu moja kwenye pindo la nguo, akaiweka mezani.

"Hii!" Uso wa Gangaben ulifurahi. "Baba yangu alipima dhahabu kwa hii. Mbegu moja, uzito mmoja. Umepata wapi?"

"Mtoto amemeza moja."

Gangaben akaacha kitambaa. "Mzima, au ametafuna?"

"Sijui."

"Ikiingia nzima, inatoka nzima, hapana neno. Sisi pale nyumbani watoto wengi wamemeza. Ikitafunwa, hiyo mbaya. Meno iko ngapi?"

"Manne."

Gangaben akazunguka meza, akamfunua Odeta mdomo, akayatazama yale meno manne, mawili juu na mawili chini, mapya kabisa. Odeta akamcheka.

"Usimpe dawa ya kuharisha," akasema. "Nyonyesha. Mpe uji. Angalia choo chake, leo na kesho. Kama anatapika, kama unaona damu, usingoje mume, kimbia hospitali mjini."

Suzana aliifunga mbegu tena pindoni, akarudi bila chumvi.

Loo, siku ile ilikuwa ndefu. Alimlisha mtoto uji, akamnyonyesha, akamlisha tena. Kila akikaa anasimama. Kila akisimama anakumbuka kitu, na kitu chenyewe kikimtoka kabla hajafika mlangoni. Alianza kutwanga mahindi akaacha mchi ndani ya kinu. Kila baada ya muda alimfungua Odeta winda alizomkatia kwenye kitambaa kuukuu cha amerikani, akatazama. Zikiwa na kitu, alikwenda nazo nyuma ya migomba na kijiti, akachambua taratibu akiwa ameziba pua kwa bega. Mara ya kwanza hakupata kitu. Mara ya pili alipata punje ya mtama, akaisugua kwa kidole kabla ya kuitupa. Mtoto alicheza, akalala dakika chache, akaamka, akalia. Amelia kwa nini? Tumbo? Au anadai kibuyu chake? Suzana alimwekea sikio tumboni. Linanguruma. Lakini kwa uji wote ule, tumbo gani lisingenguruma?

Akainama kuchungulia chini ya kinu. Akachokoa ufa wa ukuta. Akafagia uani mara ya tatu, akachambua taka kwa vidole. Na kila alipogeuka alimkuta Ng'washi yuko karibu. Mzee yule, ambaye siku zote akishakaa amekaa, leo hakutulia. Akaja nyuma ya migomba eti anatafuta kuni. Akaja mlangoni eti anataka moto.

"Unatafuta nini tangu asubuhi?"

"Sindano, Mama."

"Sindano." Ng'washi akalimung'unya neno hilo kama chakula kisicho na chumvi. "Nipe hiyo mbeleko nikaianike, inanuka jasho."

"Hainuki."

"Inanuka. Nipe."

"Mama, niache!"

Suzana hakuwa amewahi kumpandishia sauti. Tereza, aliyekuwa anambembeleza mdoli wake, akaacha. Ng'washi akageuka na kwenda zake jikoni, mabega yameshuka. Suzana alisikia aibu, lakini aibu ilibidi isubiri. Akamfunga tena mtoto mgongoni. Pale kifuani, ukanda wa mbeleko ulipopishana, palikuwa na kifundo kilichomchoma tangu asubuhi. Akakisogeza pembeni akaendelea kufagia.

Jua likawa limeinamia upande wa ziwa, majabali yamekuwa mekundu, Odeta alipotapika. Alitapika maziwa na uji, mengi, juu ya bega la mama yake, kisha akatulia na kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomvunja Suzana. Alimtoa mgongoni, akampakata, akakimbilia jikoni.

"Mama, twende mjini. Twende sasa hivi. Ameila. Amekula mbegu ya kibuyu, ametafuna, nilimkuta anatafuna. Mimi ndiye niliyeziweka. Mimi ndiye." Alisema akilia, maneno yanasukumana. "Ziko kumi na moja, na zilikuwa kumi na mbili."

Ng'washi alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole.

"Ulikuwa unatafuta mbegu?"

"Tangu asubuhi."

"Mbegu ya kibuyu."

"Mama, twende!"

"Kaa chini. Nipe mbeleko."

Suzana hakukaa, basi mzee akaivuta mbeleko mwenyewe. Akaukunjua ukanda wa kifuani, akautia mdomoni, na kwa meno yaliyobaki akakata uzi. Akabinya. Kikaruka kitu chekundu kikaanguka kiganjani mwake.

"Hii hapa," akasema. "Mtoto hajala kitu."

Suzana akakaa chini. Aliitazama mbegu, akamtazama Odeta, aliyekuwa sasa anavuta ushanga wa bibi yake, mzima, ameshiba kupita kiasi. Suzana akacheka. Kisha akasikia hasira inampanda kutoka unyayoni.

"Uliniona, Mama. Siku nzima uliniona nachambua mavi kwa kijiti."

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani umejua kwamba nimemshonea hirizi. Nilidhani unaitafuta hii ukaitupe motoni kama ile ya Tereza. Nikasema moyoni, akiipata, na huyu naye..." Ng'washi hakumaliza. "Ndiyo maana nilitaka mbeleko. Nikaifiche."

"Na mimi nilinyamaza kwa sababu ya Luhaga. Nilijua utasema nimeua wa pili."

Moto ulikuwa unakaribia kuzimika na hakuna aliyeuchochea. Tereza alisimama mlangoni amemkumbatia mdoli wake, anawatazama mmoja mmoja.

"Nilisema neno lile," Ng'washi akasema. "Uchungu ulinisemea, lakini kinywa kilikuwa changu. Sijapata jinsi ya kulirudisha. Nikaona basi nimkinge huyu, kimyakimya, usijue."

Suzana alijipangusa pua. Akakumbuka jambo. "Kibuyu ulikifungua wewe?"

"Juzi, ulipokwenda kisimani. Nikatoa moja, nikaziba tena kwa nta ileile."

"Uliziba vibaya."

Ng'washi aliinamisha kichwa. "Niliziba vibaya."

Lilikuwa kosa lake, na lilikuwa la Suzana pia, na kila mmoja alilichukua la kwake bila kubishana. Suzana akakusanya zile kumi na moja, akaweka na ya kumi na mbili, akaenda nazo chooni. Tereza alihesabu kwa sauti kila moja ilipotumbukia shimoni. Kisha wakatia punje za mtama ndani ya kibuyu, Suzana akaziba mwenyewe kwa nta, akaisukumiza kwa kidole gumba mpaka kidole kikauma. Odeta alikitikisa mara moja, hakuupenda mlio, akakitupa.

Waliporudi jikoni Ng'washi alikuwa anaikunja mbeleko. Ukanda ulikuwa wazi pale uzi ulipokatwa. Suzana aliitazama nafasi ile. Akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi, sindano iliyokuwa mahali pake tangu asubuhi.

"Huna kitu kingine?" akauliza. "Kisicho na sumu."

Mzee alimtazama kama mtu anayeogopa kutegwa. Kisha akafungua fundo la kaniki yake akatoa simbi moja, kauri ya zamani iliyolika kingo. "Hii aliivaa Antoni alipokuwa mchanga."

Suzana aliichukua, akaigeuza, akaitia mdomoni mwake na kuing'ata kwa nguvu zote kwa meno ya nyuma. Haikuvunjika. Akaipangusa, akamrudishia.

"Shona. Lakini ushone hapa hapa, mimi nikiwa nakutazama."

"Na katekista?"

"Katekista habebi mtoto."

Ng'washi akakaa karibu na mwanga wa mlangoni. Hakuliona tundu la sindano, Suzana akampenyezea uzi. Mzee akaanza kushona, na Suzana akiwa amempakata Odeta akahesabu mishono kwa midomo bila sauti. Ilipofika saba Ng'washi akainamia uzi kuukata kwa meno.

"Bado, Mama," Suzana akasema. "Mpaka kumi na mbili."