Mashini Inayoamka Mwaka wa 2002

Mama wenzangu, kama mutoto wako anarudi kutoka masomo na anakuambia kwamba vitu vya zamani njo vizuri, usifurahi haraka ukifikiri anasema juu yako. Wangu alikuwa anasema juu ya ordinatere, ile munayoita kompyuta.

Heri, mutoto wangu wa kwanza, alisoma mashini miaka mitatu Bukavu. Wenzake walirudi na ordinatere nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Yeye alishuka kwa pikipiki akikumbatia kitu chenye kisogo, kizito kama mbuzi mwenye mimba, kimefungwa ndani ya kitenge changu. Nikamuuliza kama kiko kizima.

"Mama, hii ina miaka zaidi ya makumi mbili na haijakufa. Hizi za sasa, miaka mitatu tu, unazika."

Alifungua kibanda hapa Kasongo, karibu na soko, pembeni ya wale wanaotengeneza baiskeli, akaandika kwa mulango: TUNAANDIKA BARUA. Watu wakaja. Lakini kwa Heri huandikishi barua bila mahubiri. Alikuwa akisema kwamba ordinatere za sasa ziko kama wageni wabaya: zinakula sana, zinauliza maswali mengi, na kila wiki zinataka kubadilishiwa nguo. Akasema watu wanaotengeneza programu siku hizi hawapiki tena, wanafungua mikebe ya watu wengine, wanachanganya, wanaita chakula. Yeye programu yake ya kuandika barua aliitunga mwenyewe, mustari kwa mustari, miezi sita. "Yote inaingia ndani ya disketi moja, mama." Miezi ile sita shamba langu la mihogo pia lilikuwa linamungojea, lakini shamba haliingie ndani ya disketi.

Mashini ile ilikuwa na kasoro moja ndogo. Ndani yake kuna pile, betri ndogo kama kifungo cha shati, inayoikumbusha siku. Ile pile ilikufa zamani. Kwa hiyo kila ikizimika, ikiamka inaamini kwamba tuko tarehe moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 2002. Kila asubuhi Heri alikuwa anairudisha kwenye siku yetu, kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata.

"Nunua pile ingine," nikamwambia.

"Ya kazi gani? Mashini haina haja ya kujua siku. Watu njo wana haja."

"Na barua ni ya mashini ao ya watu?"

Alicheka. Anacheka vizuri, mutoto wangu, meno yote. Na ile programu yake ya miezi sita ilikuwa inaweka tarehe peke yake chini ya barua. Pahali pa kuiandika wewe mwenyewe hakuna. Alipakataa makusudi. "Watu wa Kasongo munapenda kurudisha tarehe nyuma. Programu yangu haidanganye mutu."

Sasa, Apolline. Huyu ni mudogo wake, alishinda mutihani wa serikali mwaka huu. Tangu bibi yake alipotundikwa serumu, musichana huyu anatafuta mishipa kwenye mikono ya kila mutu anayemusalimia. Shule ya infirmière, ya wauguzi, ilikuwa inachukua wasichana makumi tatu. Walitaka barua ya kuomba nafasi yenye kashe, ule muhuri wa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, mwisho Ijumaa saa sita ya muchana.

Alhamisi tukaenda kwa kaka yake. Mimi nilisema aandike kwa mukono, ana mwandiko muzuri. Heri akakasirika kama vile nimemutukania baba yake. "Dada ya mutu wa informatique apeleke barua ya biki?"

Akaanza kupiga. Wingu likafunika panneau ya jua, mashini ikazimika. Wingu likapita, ikaamka. Lakini pale kibandani alikuwa amekaa Amisi, mwalimu wa jirani, aliyekosa kwa kusema kwamba simu yake inaweza kutunga barua peke yake. Masikini. Heri alimufundisha nusu saa, vidole vikiandika, mudomo ukihubiri, na tarehe hakuna aliyeikumbuka.

Barua ilitoka imenyooka. Nilisoma jina la mutoto wangu, nikalirudilia, nikashiba. Tukaipeleka kwa chef, muzee Célestin. Akaishika mbali na macho, akapulizia kashe yake, akagonga. Na munajua desturi yetu: karatasi ikisha kupata kashe, kuisoma tena ni kumukosea chef heshima. Inaangaliwa tu, kama mutoto aliyebatizwa.

Ijumaa saa tatu tulikuwa shuleni. Anayepokea karatasi ni mama Odile, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja juu ya kichwa. Huyo desturi hana. Alisoma.

"Apolline ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ulizaliwa 2006?"

"Ndiyo, mama."

"Na uliomba nafasi hapa 2002." Akanigeukia. "Mama, ulikuwa na haraka. Hata tumbo ulikuwa nalo?"

Mustari wote wa wasichana ukacheka. Mama mumoja nyuma akasema yeye wake alimungojea angalau aote meno. Apolline hakucheka. Nikaomba biki nikosoe, mama Odile akavuta karatasi kwake. "Ukigusa tarehe ya barua yenye kashe, unaiharibu yote. Leteni ingine, na kashe yake. Saa sita ninafunga."

Tukakimbia. Heri akaisoma barua. Halafu, wazazi, akatabasamu.

"Lakini munaona? Mashini haikudanganya. Iliandika ile iliyoamini."

"Yaya, irudilie," dada yake akamwambia, maana kwetu kaka mukubwa njo yaya.

Mashini ya zamani inaamka kama muzee: kwanza inakohoa, halafu inahesabu viungo vyake kimoja kimoja. Ilipomaliza, kuweka tarehe na kutoa barua ni kazi ya dakika tano. Lakini Heri alitaka kwanza kutengeneza programu. "Mustari mumoja tu, isirudilie tena kosa hili." Ule mustari mumoja ukaita wenzake tisa. Akawa anaongea peke yake, anafurahi. Saa nne ikapita. Saa tano ikagonga, Apolline akachukua karatasi na biki, akaketi chini, akaandika barua yake kwa mukono. Alitumia dakika kumi.

Kwa muzee Célestin tulimukuta muke wake anafagia kiwanja.

"Chef ametoka sasa hivi na pikipiki, ameenda kilio Kabambare."

"Na kashe?"

"Kashe iko ndani ya koti. Hata mimi haniachie."

Mama Odile alisoma barua ya mukono mpaka mwisho. Alisifu mwandiko. Kisha akamurudishia. "Bila kashe, mwanangu, hii ni salamu. Urudi mwaka kesho."

Hivyo mutoto wangu analima mihogo mwaka muzima, kwa sababu mashini ya kaka yake haina tamaa ya vitu vya kisasa, kama vile tarehe ya leo. Heri aliomba musamaha, siwezi kumunyima hiyo. Alimuita dada yake aje kuona: programu sasa inauliza tarehe, inauliza mara mbili. Akataka amufundishe na yeye ordinatere, ili mwaka usipotee.

"Yaya, mwaka umekwisha kupotea," Apolline akamujibu. "Wewe ulikuwa unaongea na mashini."

Basi, wenye watoto wa namna hii, someni karatasi, hata yenye kashe, hata kama muandishi ametoka tumboni mwenu. Mimi ninawapakulia wote wawili sahani moja, wanakula bila kuongea. Jana Heri alianza kutuelezea kwamba nyungu za zamani zinaivisha maharagi kuliko sufuria. Apolline akasimama na kipande chake cha bugali, akaenda kulia chakula nje.